Orodha niliyoituma kabla ya kulala

Ng'ombe huyu vitabuni ana namba tu. Jina la Shangazi nimempa mimi, kwa vile anavyokutazama ukiingia umechelewa. Hapendi mikono ya baridi. Ukimshika kiwele kabla hujavipasha viganja kwenye ndoo ya maji moto, anainua mguu wa nyuma na kuushusha taratibu. Hilo ndilo onyo. La pili halipo.

Jumatatu moja ya Februari, saa kumi na moja alfajiri, nilisahau. Nilikuwa chini kwenye shimo la kukamulia, taulo begani, nakamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi nione kama maziwa yana mabonge kabla ya kufunga mashine. Shangazi akanipata kwenye kifundo cha mkono. Kikombe kikaenda zake.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mzee ni baba yake bosi. Alistaafu siku nyingi, lakini alfajiri haijawahi kumkuta kitandani. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, nisijali, hata wale vijana wa Kiyahudi walipigwa sana mateke. Baba yake alikuwa akisimulia. Watoto wa mjini, hawakujua ng'ombe unamwendea upande gani.

"Vijana gani?" nikauliza.

"Wa kijiji cha kazi. Hapo Slootdorp. Unapapita kila ukienda dukani."

Ningecheka na mimi, nikafunga mashine, yakaisha. Lakini Mzee, akiwa ameshageuka kuondoka, aliongeza: "Waliwapata kwa orodha. Anwani zote zilikuwamo."

Alhamisi iliyotangulia, saa nne usiku, mimi nilikuwa nimemtumia mtu nisiyemjua orodha ya anwani.

## Sakafu ya bahari

Wieringermeer, kaskazini mwa Uholanzi, ninakoishi kwa sasa, ni sakafu ya bahari. Waholanzi waliizungushia tuta, wakapiga pampu, na mwaka 1930 maji yakaisha, likabaki tope la chumvi na magamba ya kombe. Hata leo ukichimba kitalu cha mboga unayakuta. Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimezaliwa kwenye migomba na mvua na mlima mbele ya macho. Ilinichukua miezi kuzoea mahali ambapo jua linazama bila kuegemea kitu.

Kwenye tope hilo, mwaka 1934, kilifunguliwa kijiji cha kazi cha Wayahudi. Wenyewe walikiita Werkdorp. Hitler alikuwa na mwaka wa pili madarakani. Vijana wa Kiyahudi wa Ujerumani walikuwa wakisukumwa nje ya shule, nje ya ufundi, nje ya ajira, na kila nchi waliyobisha hodi iliuliza swali lile lile mlangoni: unajua kufanya nini? Mtoto wa mwanasheria wa Berlin hana jibu. Mkulima analo.

Basi vikaanzishwa vituo vya kuwafundisha jembe, Ujerumani kwenyewe na nchi za jirani. Kwa Kiebrania mafunzo hayo yaliitwa hakshara, yaani maandalizi. Wengi waliandaliwa kwenda Palestina kuishi kwenye vijiji vya ushirika, wengine popote ambapo mlango ungefunguka hata kidogo. Werkdorp ilipokea wa aina zote mbili. Mafunzo yalichukua kama miaka miwili: shamba, mifugo, bustani, useremala, uhunzi, wasichana wengi wakipangiwa jikoni na kufua, kama enzi zile zilivyotaka. Zaidi ya vijana 600 walipita pale.

Serikali ya Uholanzi ilikodisha ardhi kwa sharti moja. Wajifunze, kisha waondoke. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kazi hazikuwapo, na mgeni asije akamnyang'anya mwenyeji koleo.

Niliposoma sharti hilo nilikwenda kufungua droo. Kibali changu kina lugha ya adabu zaidi, lakini maneno ni hayo hayo: mwaka mmoja, mafunzo kwa vitendo, kisha nyumbani.

Tofauti ni kwamba mimi nyumbani kupo.

## Malengelenge

Siku yangu ya mapumziko nikachukua baiskeli. Upepo wa huku hauna adabu, unakupiga usoni ukienda na unakupiga usoni ukirudi. Jengo kuu bado lipo, refu, madirisha mengi, limetulia kando ya barabara kama shule iliyofunga likizo. Nilikuwa nimelipita pengine mara thelathini nikiwaza bei ya mchele.

Mwaka 1939 mpiga picha Roman Vishniac alikuja hapa. Aliwapiga vijana kutoka chini kwenda juu, mbingu tupu nyuma yao, mabega mapana, mikono kwenye mbao na matofali. Ukiziangalia picha zile unadhani walizaliwa na sepetu mkononi. Nilizitazama muda mrefu usiku ule, na kilichonisumbua hakikuwa huzuni. Nilikuwa nimezitambua.

Ni picha zangu zile. Ninazomtumia mama.

Mimi na trekta. Mimi na ndama mwenye baka jeupe. Mama huzirusha kwenye kundi la ukoo, wajomba wanaandika "Mungu ni mwema", na hakuna anayeona kwamba ngozi ya vidole vyangu imepasuka kwa dawa ya kuoshea chuchu za ng'ombe, kwamba wiki ya kwanza nilikaa chooni nikalia kwa sababu sikuweza kufungua chupa ya maji, viganja vilikuwa malengelenge matupu. Picha ya namna hiyo haidanganyi. Inachagua tu.

Kwa hiyo nilipokuwa nikisoma maandishi yanayowaita wale vijana "wapenzi wa ardhi", nilisita. Baadhi yao, ndiyo. Walikuwako waliokuwa na ndoto ya kweli, waliojifunza Kiebrania jioni baada ya kupalilia na kuamini kwamba mikono itawafanya watu wapya. Lakini wapo, naamini, walioishika jembe kama mtu anavyoshika fomu. Ujaze vizuri, usikose herufi, upate muhuri. Mtu wa miaka 17 aliyetaka kuwa daktari, anapimwa sasa kwa idadi ya matuta ya viazi. Mimi mwenyewe sikuja huku kwa kumpenda ng'ombe. Nilimaliza diploma, nikakaa miaka miwili bila ajira, tangazo likatoka likataka wenye uzoefu wa mifugo. Bibi yangu alikuwa na ng'ombe wawili. Uzoefu ndio huo.

Na bado siku hizi Shangazi akiumwa silali vizuri. Jinsi fomu inavyogeuka kuwa mapenzi, mtu haoni inapoanzia.

## Waliofika Kenya

Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyokaribia kwetu, jambo ambalo sikulitarajia.

Kaskazini mwa jiji lililoitwa Breslau, leo Wrocław nchini Poland, kulikuwa na shamba jingine la mafunzo, Gross-Breesen, lililofunguliwa 1936 na kuongozwa na mwanasaikolojia Curt Bondy. Hili halikuwa la Palestina, lilitafuta nchi yoyote. Novemba 1938, kulipokucha baada ya usiku wa kuchoma masinagogi Ujerumani nzima, askari wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, waliingia, wakavunja vitu, wakamchukua Bondy na walimu na vijana wakubwa hadi kambi ya Buchenwald. Walitoka baada ya majuma kadhaa kwa sababu nje kulikuwa na watu waliohangaika na karatasi. Mwenye maduka mmoja wa Richmond, Virginia, William Thalhimer, alikuwa amenunua shamba zima na kuwagawia vijana hisa, ili mbele ya sheria ya uhamiaji ya Marekani waonekane wenye mali na si waomba kazi. Baadhi waliletwa hapa Werkdorp kusubiri zamu yao. Wengine walipata Argentina, wengine Australia.

Na wachache Kenya.

Aya inayofuata nimeiandika na kuifuta mara tatu. Nyanda za juu za Kenya wakati ule zilitengwa kisheria kwa Wazungu. Kijana aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya damu yake alipona kwa kupewa kazi ya kusimamia shamba ambalo wenyewe walikuwa wamegeuzwa vibarua na maskwota juu yake, kwa sababu ya rangi yao. Walowezi nao hawakumtaka sana. Wengi walinung'unika kwamba Wayahudi wasije wakazidi. Vita vilipoanza 1939, wanaume wakimbizi wakawekwa kizuizini kwa muda kama raia wa nchi ya adui, maana pasipoti zao zilikuwa za Ujerumani ile ile iliyowafukuza. (Wasomaji wa Eldoret mtaniandikia kunikumbusha kwamba mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wazayuni Uasin Gishu. Najua. Hiyo ni makala yake.)

Nilitaka hapa niandike neno la kulainisha. Sikulipata ambalo lisingekuwa uongo kwa upande mmoja. Alipona. Ardhi haikuwa yake wala ya aliyempa. Nimeyaacha yote mawili mezani.

## Machi 20

Wajerumani waliingia Uholanzi Mei 1940. Majira ya joto yaliyotangulia, meli ya mizigo iitwayo Dora ilikuwa imeondoka Amsterdam ikiwa na mamia ya Wayahudi wasio na vibali, vijana wa Werkdorp miongoni mwao, ikawashusha Palestina kwa siri. Waliobaki walibaki. Chini ya utawala mpya kijiji kiliendelea karibu mwaka mzima, karibu vijana 300 wakipanda na kuvuna kwenye nchi iliyotekwa, wakijiandaa kuondoka kwenda mahali ambapo hapakuwa tena na njia.

Tarehe 20 Machi 1941 yakaja mabasi. Miongoni mwa maofisa waliokuja nayo alikuwamo mmoja wa miaka 27, Klaus Barbie. Vijana waliambiwa wafungashe. Zaidi ya 200 wakapakiwa kwenda Amsterdam, wakagawanywa kwenye nyumba za familia za Kiyahudi.

Kama 60 hivi waliachwa.

Kwa sababu ya ng'ombe. Kwa sababu ya ng'ombe na mazao shambani, ambayo utawala ulitaka yasiharibike.

Habari hii niliisoma nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nasubiri kundi la pili liingie kukamuliwa, na ilibidi niisome tena. Asiyefuga atanielewa kwa shida. Ng'ombe wa maziwa hangoji siasa. Ukimruka jioni moja kiwele kinakuwa kigumu kama mpira uliojazwa upepo, anaanza kulia, maziwa yanachuruzika yenyewe, na baada ya siku mbili una ugonjwa wa kiwele zizi zima. Ofisa wa SS anaweza kufunga shule, darasa, bweni na karakana kwa asubuhi moja. Kiwele hakifungi. Lazima awepo mtu ambaye mikono yake ng'ombe anaijua.

Najua kwenye banda letu angeachwa nani. Wala si kwa kujisifu. Shangazi hamkubali mtu mwingine.

Waliobaki walikaa mpaka Agosti. Maana yake ni kwamba Juni hawakuwa Amsterdam. Ng'ombe, bila kujua, waliwaweka mbali na siku moja. Siku nyingine zilikuwa bado zinakuja, na kuanzia 1942 treni za kwenda mashariki, kwenye kambi za mauaji, zilianza. Lakini ile moja, ng'ombe waliwaondolea.

## Bwana mwenye adabu

Mei 14, 1941 bomu lililipuka Amsterdam kwenye nyumba ya maofisa wa jeshi la majini la Ujerumani. Utawala ukataka watu 300 wa kulipia.

Barbie akaenda kwenye ofisi za Baraza la Wayahudi, chombo ambacho Wajerumani walikitumia kupitishia amri zao kwa Wayahudi. Hakupiga meza. Alikuwa mpole, alikuja na habari njema: vijana wa Werkdorp wanaruhusiwa kurudi shambani kwao. Alichohitaji ni anwani wanakolala, ili wapewe taarifa.

Orodha ilikuwapo. Ilitoka katika ofisi ya Gertrude van Tijn, mama aliyezaliwa Ujerumani na ambaye kwa miaka ya 1930 yote kazi yake ilikuwa kuwatoa watu: kuwatafutia viza, meli, fedha, shamba hili lenyewe. Werkdorp ilikuwa kama mtoto wake. Orodha ilitengenezwa kwa wema mtupu: nani analala kwa nani, nani ahudumiwe vipi. Waliitoa.

Juni 11 polisi walipita nyumba kwa nyumba. Ambaye hakukutwa, alichukuliwa mwingine idadi itimie. Karibu vijana 300, zaidi ya 50 kati yao wa Werkdorp, walipelekwa kambi ya Schoorl na kutoka huko Mauthausen, Austria, kwenye machimbo ya mawe. Taarifa za vifo zikaanza kufika Amsterdam, moja, mbili, kwa mafungu. Hakurudi hata mmoja.

Mikono iliyofundishwa kupanda viazi.

Wiki ya kwanza nilimkasirikia Van Tijn. Nilimkasirikia kwa namna ambayo haikumstahili marehemu, nikiwa natembea na toroli la samadi na kumwuliza kwa sauti: mama, ulishindwaje kushuku? Februari ya mwaka ule ule walikuwa wameshakamata zaidi ya wanaume 400 wa Kiyahudi mitaani Amsterdam. Barbie mwenyewe ndiye aliyekuwapo siku ya mabasi. Ulitaka ushahidi gani zaidi?

Wiki ya pili nikaanza kuelewa, na kuelewa kulinikera zaidi kuliko hasira. Alichoambiwa ndicho alichokuwa akikiomba. Miezi mitatu alikuwa na vijana 200 waliozoea hewa ya shamba, wamebanwa kwenye vyumba vya watu mjini, hawana kazi, wanauliza kila siku tutarudi lini. Anakuja bwana anasema: kesho. Ukiwa na kiu ya namna ile huchunguzi kikombe kimetoka kwa nani.

Van Tijn alipona. Alipelekwa Bergen-Belsen, na 1944 akawa miongoni mwa wafungwa waliobadilishwa na kupelekwa Palestina. Baadaye akaishi Marekani hadi 1974. Barbie akawa mkuu wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mjini Lyon, Ufaransa, akatoroka baada ya vita, akarejeshwa Ufaransa kutoka Bolivia 1983 na kufungwa maisha 1987. Hesabu ya miaka ya wote wawili nimeiandika pembeni ya daftari. Sijui ya nini.

## Unga

Sasa langu.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu kidogo, wanafunzi na vijana wa mafunzo kutoka Afrika Mashariki waliosambaa mashambani upande huu wa nchi. Ukatibu wenyewe ni kukusanya michango ya misiba na kukumbusha siku za kuzaliwa. Alhamisi ile alipiga simu bwana mmoja, Kiswahili chake kimenyooka, cha watu wa Pwani, kile kinachokufanya ukae vizuri kwenye kiti. Akasema kuna wafadhili wanagawa unga wa sembe na maharage kwa vijana walioko mbali na miji, baridi hii si mchezo. Anaomba majina, anwani, na siku ambazo kila mmoja yuko nyumbani.

Sembe! Huku tunapikia semolina.

Nilikuwa na jedwali kwenye simu, watu 19. Nikalituma hapo hapo. Bwana akajibu, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Nikalala nimefurahi.

Unga haukuja. Namba ile haikupatikana tena kuanzia Jumamosi.

Na baada ya hapo, hakuna kitu. Hili ndilo linalonitesa kulieleza. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyegongewa mlango, mpaka ninapoandika. Labda bwana yule alipata dharura. Labda ni mtu wa kuuza namba kwa watu wa matangazo. Najua vilevile kwamba unga si Mauthausen, na mtu akiniambia ninajipa ukubwa kwa msiba wa wengine nitainamisha kichwa. Lakini mkono ulioibonyeza ile "tuma" niliutazama kwa wiki kadhaa. Haukutetemeka. Ulikuwa mkono wa katibu mwema anayewapenda watu wake.

Wayahudi wa Uholanzi walikuwa kama 140,000. Zaidi ya 100,000 waliuawa, sehemu kubwa kuliko nchi yoyote ya Ulaya Magharibi. Moja ya sababu wanazotaja wanahistoria ni hii: rejista za wakazi zilikuwa nzuri mno. Zimeandikwa kwa mwandiko safi, dini pembeni, mtaa na namba ya nyumba.

## Vijana wa Loosdrecht

Kuna kisa cha pili, na nakiweka hapa kwa sababu wiki ya tatu ndicho kilichoniamsha kitandani.

Loosdrecht, kusini-mashariki mwa Amsterdam, kulikuwa na kituo kingine cha maandalizi, chenye watoto na vijana kama 50, wengi wamekuja kutoka Ujerumani bila wazazi. Agosti 1942 viongozi wao walidokezwa kwamba amri ya kuwasafirisha imefika. Viongozi wenyewe walikuwa vijana. Mmoja, Joachim Simon, waliyemwita Schuschu, alikuwa na miaka ishirini na kidogo tu. Walimtafuta mwalimu wa shule, Joop Westerweel, Mkristo mwenye misimamo yake, ambaye alikuwa ameshawahi kufukuzwa Indonesia ya Waholanzi kwa kukataa utumishi wa jeshi. Kwa siku chache tu kituo kikawa tupu. Mmoja kwa mkulima huyu, wawili kwa mwalimu yule, mwingine darini kwa mjane. Polisi walipofika walikuta vitanda.

Baadaye kikundi hicho kilivusha vijana Ubelgiji na Ufaransa, wengine wakapanda milima ya Pyrenees kwa miguu hadi Hispania. Simon alikamatwa na kufa gerezani Januari 1943. Westerweel alipigwa risasi kambini Vught, Uholanzi, Agosti 1944. Wengi wa vijana wa Loosdrecht walipona.

Nilichokuwa nakitafuta kwenye kisa hiki ni kitu kidogo: waliandika wapi nani amefichwa wapi? Mtu anayewapenda watu 50 anahitaji kujua wako wapi. Chakula kinahitaji anwani. Kadi za mgao za kughushi zinahitaji anwani. Ilibidi kichwani mwa mtu ziwepo nyumba kadhaa, na kichwa kingine nyumba nyingine, na pasiwepo kichwa chenye zote.

Mimi simu yangu ina zote 19, na inajihifadhi yenyewe kwenye wingu kila saa nane usiku.

Mzee aliniambia kwamba Aprili 1945, vita vikiwa vinakata roho, Wajerumani walilipua tuta na maji yakarudi juu ya Wieringermeer yote. Baba yake alitoka na ng'ombe, baiskeli na saa ya ukutani. Kabla ya mwaka kwisha maji yalikuwa yamepigwa pampu tena, wakaanza upya kwenye tope. "Ukoo wangu uliandikwa kwenye daftari la fidia," akasema. "Wale vijana hawakuwa na wa kuwaandikisha."

## Simu 18

Jumapili iliyopita, baada ya kukamua, nikapiga simu. Si ujumbe kwenye kundi. Simu, mtu kwa mtu, watu 18, maana wa 19 ni mimi. Nikawaeleza: nilitoa anwani yenu kwa mtu nisiyemfahamu, sikuwauliza, naomba radhi.

Walipokea kila mtu kwa namna yake. Dada mmoja wa Mbale alinyamaza kidogo, akauliza kama namba ya ghorofa nayo ilikuwamo. Ilikuwamo. Wawili walicheka, wakaniambia anwani zao hata mbwa wa jirani anazijua. Kaka mmoja alinikasirikia kweli kweli, akasema katibu gani wewe, na sikuwa na la kumjibu.

Wa mwisho alikuwa rafiki yangu wa Katumba, Katavi. Babu yake alikuwa mwalimu Burundi. 1972 aliondoka usiku, baada ya wenzake kuitwa majina kutoka kwenye karatasi na kutorudi. Tanzania ikawapa msitu na majembe kule Katumba, wakimbizi wakageuka wakulima wa mahindi na tumbaku, na ukoo wake ulipata uraia ulipotolewa kwa watu zaidi ya 160,000 mwaka 2014. Mwenyewe sasa anakamua ng'ombe kilomita arobaini kutoka hapa.

Nikamsomea maelezo yangu, kwa mara ya 18 yakiwa yamekaa vizuri mdomoni.

"Umempa ile ya karibu na stesheni?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Akacheka, kicheko cha chini, cha mtu asiyetaka kuamsha wenzake. "Ndugu katibu, pale ni duka la baiskeli. Mimi sijawahi kulala pale hata siku moja."

Nikamwuliza kwa nini alinidanganya, mimi, katibu wake.

"Si wewe. Wote huwa nawaandikia pale. Baba alitulea hivyo: jina andika sawasawa, usije ukakosa mgao. Ila pa kulala..." Hakumalizia. Nikasikia ng'ombe wake nyuma, mashine zimewashwa. "Huo unga umefika?"

"Haujafika."

"Ukifika nitaufuata kwako. Namba moja kwenye orodha ni wewe, na kwako napajua."